Boay Amekuwa Bosi

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Nimefungwa tena. Mara tatu mfululizo, chai yangu ikiwa bado ya moto.

Asubuhi nilifungua maji ya mtaa wa Nangara, nikafunga upande wa barabara ya Bonga, nikapita chemba ya valvu ya sokoni, nikarudi stoo na baiskeli. Boay alikuwa ameshapanga kete za drafti. Vizibo vya soda vyake, vya bia vyangu. Siku zote mimi ni wa bia. Nimeacha kuuliza kwa nini.

Kinachonikera si kufungwa. Ni namna anavyosubiri. Anachokonoa meno na njiti, anatazama barabarani, hatazami ubao. Mimi nahangaika, natoka jasho, nasogeza kete moja kwa akili zangu zote. Yeye anageuka, anakula tatu kama mtu anayefukuza nzi, anarudi kutazama barabara.

Mimi ndiye niliyempokea kazini. Nilimfundisha kushika ufunguo wa valvu, koki zipi zinakaza, chemba zipi zina nyoka. Yeye akanifundisha drafti. Naanza kuamini alinifundisha nusu.

Tangi halikujaa tena leo. Tangu Babati iwe makao ya mkoa mpya, watu wanaongezeka kila wiki. Maji ni yale yale.

Alhamisi, 4 Septemba

Kikao. Tumeletewa mkuu mpya, mwanamke, injinia, kwao Iringa. Tunamwita Injinia tu. Hacheki ovyo. Alisimama muda wote, sisi tumekaa juu ya mabomba.

Kasema kazi itapangwa upya. Atateua msimamizi mmoja wa kusimamia zamu zote za maji. Msimamizi atakuwa na meza ofisini na pikipiki.

Wenzangu wote walinitazama. Hata Boay alinitazama. Nilitazama viatu vyangu, nikajifanya sikusikia vizuri.

Nimemwambia mke wangu, Mama Salome, jioni. Kasema nisianze kuhesabu vifaranga kabla kuku hajakaa. Sijahesabu chochote. Nimeosha ovaroli tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Ni Boay.

Injinia kasema Boay ana cheti cha ufundi cha Arusha, mimi sina. Ni kweli sina. Niliposoma mimi hakukuwa na nafasi, na baba alikuwa mgonjwa kule Kondoa. Lakini hakuna aliyeniuliza hayo.

Nikampa mkono. Nikasema hongera. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Mchana alikuja stoo kama kawaida, tukacheza. Nikamfunga. Sijamfunga tangu Pasaka. Nilitazamia kufurahi. Sikufurahi.

Mama Salome kasema, "Si nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu?" Halafu akaenda kuchambua maharage. Ana haki. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Ratiba mpya imebandikwa mlangoni. Nyumba mpya za maofisa, maji kila siku. Nangara, siku mbili kwa wiki. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea mstari.

Mimi naishi Nangara. Ufunguo wa Nangara ninao mimi.

Boay alinikuta pale mlangoni. Alisema amri imetoka juu, si yake. Nikamwambia sijasema ni yake. Akasema, "Sawa, Paskali."

Paskali. Kwa miaka yote hii nimekuwa Baba Salome. Kwa jina la ubatizo ananiita Padri tu, na karani wa mishahara.

Jumanne, 16 Septemba

Jirani yetu, Mama Paulina, kamsimamisha mke wangu njiani. Kamwambia, mume wako si ndiye mwenye ufunguo? Basi akalale nao vizuri.

Mke wangu hakumjibu. Kanijibu mimi. Jioni nzima vyombo vililia jikoni.

Drafti: nimefungwa mbili, ya tatu sikuimaliza. Niliinuka, goti likagonga ubao, vizibo vikamwagika chini. Boay anadhani nilifanya makusudi. Sijui kama nilifanya makusudi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemfunga mara mbili. Kuna kitu hapa.

Kete yake ya pembeni ilikuwa na njia wazi ya kufika mwisho wa ubao na kuingia kingi. Hata mtoto angeiona. Hakuiona. Akasogeza nyingine ya kijinga katikati, nikala mbili, nikaingia kingi mimi. Akatikisa kichwa, akasema leo nina moto.

Sina moto wowote. Nacheza vile vile. Mtu huyu ananilisha.

Nimekasirika kuliko siku zote alizonifunga. Akinifunga nakuwa mchezaji mbovu. Akinilisha nakuwa mtu wa kuonewa huruma.

Jumanne, 23 Septemba

Nimemuuliza usoni. Nimesema, "Boay, unaniachia?"

Akacheka. Kasema amechoka, kichwa kimejaa mambo ya ofisini, kila saa simu, kila mtu anataka maji. Kwamba akija stoo anataka kupumzika tu. Huenda ni kweli. Macho yake ni mekundu, na njiti ya meno siku hizi hana.

Lakini hakusema hapana.

Nimemwambia akiniachia tena sichezi. Kasema sawa. Kisha vijana wa kuchimba mitaro wakapita, wakasema, "Mambo, Bosi?" Akajibu poa, akainuka kabla hatujamaliza.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo ni zamu ya Nangara kwenye ratiba. Nikaenda kwenye chemba asubuhi. Boay akanikuta na pikipiki, kasema nisifungue. Kuna wageni wanakuja kwa maofisa, tangi liko chini, Nangara isubiri. Zamu iliyopita pia ilirukwa, umeme ulikuwa umekatika. Kwa hiyo ni wiki nzima.

Sikufungua.

Jioni walikuwa kwangu. Wanawake wa mtaa na ndoo zao, hawakugombana, walikaa tu kwenye ngazi. Mama Paulina alikuwepo, hakunitazama. Nikawaeleza amri. Mmoja akauliza amri inanyweka?

Halafu akaja bibi mmoja wa mwisho wa mtaa, anaishi na wajukuu. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu kama nimepona. Nikamuuliza nimepona nini. Kasema alijua naumwa, maana mtu wa maji haji, na asingeacha kuja kama ni mzima.

Nilimwambia nimepona.

Sijala.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimefungua.

Alfajiri, kabla ya watu wa kazini. Nilizungusha ufunguo hadi mwisho, nikasikia maji yanavyopita chini ya miguu. Nikakaa kwenye ukingo wa chemba. Nilisikia ndoo zinagongana huko nyuma ya nyumba, na mtu anaita mwenzake kwa furaha. Nikaacha muda mrefu. Mrefu kuliko nilivyokusudia. Kisha nikafunga, nikaenda kazini kama kawaida.

Mchana nyumba za maofisa hazina tone. Injinia akamwita Boay, mlango ukafungwa. Boay akatoka, akatukusanya, akauliza nani amegusa valvu ya Nangara. Nilikuwa mbele yake kabisa. Alimtazama kila mmoja, mimi hakunitazama.

Kisha akaja stoo, akapanga kete. Akanifunga nne. Bila huruma, kete zangu zikaisha kama ugali wa msibani. Mara ya mwisho alibakiwa na kingi wawili na mimi na kizibo kimoja pembeni.

Nikafurahi kidogo. Alau leo hakunilisha.

Jumanne, 30 Septemba

Kumbe zahanati.

Laini ya nyumba za maofisa ndiyo inayopeleka maji zahanati. Hilo nilijua. Nilidhani tangi lao lina akiba. Halikuwa na akiba. Jana mama mmoja alijifungua pale na hakukuwa na maji ya kumwogesha yeye wala mtoto. Nesi alimtuma mlinzi mtoni na madumu, wakachemsha, wakasubiri yapoe.

Mama na mtoto wazima. Nimeuliza mara mbili. Wazima.

Nimepita zahanati kwa mbali nikirudi nyumbani. Sikusimama. Mtaani kwangu wanawake wananisalimia kwa vicheko, Mama Paulina kaleta maziwa. Sikuweza kuyanywa. Nikamwambia Mama Salome sababu. Alikaa kitako. Hakuniambia nilikosea wala nilipatia. Kaniuliza tu, Boay anajua?

Nadhani anajua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Anajua. Na amefanya jambo.

Kamwambia Injinia valvu ya Nangara ni mbovu, inafunguka yenyewe presha ikipanda. Kaandika hivyo kwa mkono wake. Fundi wa magari kanieleza, yeye alikuwa ofisini akiomba mafuta ya dizeli. Kwa hiyo hakuna mwenye kosa. Valvu ndiyo yenye kosa.

Valvu ile ni nzima kama meno ya ndama. Tuliibadilisha wote wawili mwaka juzi, mvua ikitunyeshea.

Boay mwenyewe hajaniambia kitu. Mchana hakuja kucheza. Nilikaa na ubao peke yangu, nikapanga kete pande zote mbili, nikajaribu kujifunga mwenyewe. Hata hilo nimeshindwa. Nilijikuta napendelea upande wa bia.

Najisikia vibaya. Nilitakiwa kujisikia nafuu. Mtu kaniokolea kazi yangu, mshahara wangu, ada ya Salome. Mimi natembea uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Injinia.

Hakuniambia niketi. Nikasema valvu ni nzima, niliifungua mimi. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Najua ni nzima. Ijumaa nilikwenda kuizungusha mwenyewe."

Nikaeleza kuhusu wiki nzima bila maji. Nikaeleza habari za bibi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba, maji niliyonayo ni haya. Nikimpa huyu, namnyima yule, kila siku. Pampu nimeomba mpya, sijajibiwa. Wewe ulipofungua, ulijua unamnyima nani?"

Nikasema sikujua kama tangi la zahanati halina akiba.

Akasema na yeye kwenye ratiba alikosea kuacha zamu ya Nangara irukwe mara mbili, na atarekebisha. Lakini ufunguo niuache mezani. Kuanzia kesho niko na vijana wa mitaro, laini mpya ya Bonga. Nikauacha. Meza ilitoa mlio.

Nilifika mlangoni akaniuliza, "Na Boay alijua ni wewe?"

Nilinyamaza. Akasema basi, nenda.

Nilitoka kifua chepesi. Nilipofika kwenye baiskeli nikaelewa nimefanya nini: kunyamaza kwangu kumemjibu.

Jumanne, 7 Oktoba

Boay ameondolewa usimamizi. Imechukua siku moja tu. Pikipiki imesimama mbele ya ofisi, haina mtu. Kesho kutwa anakuja msimamizi kutoka Arusha.

Boay amerudishwa kwenye valvu. Amepewa na Nangara pia. Ufunguo wangu anao yeye.

Alinifuata Bonga kwenye mtaro. Kwa miguu. Vijana wakaacha kuchimba.

"Nilikuomba uende?" kaniuliza.

Nikasema nilitaka kusema ukweli.

"Ukweli wako. Ungesema wa kwako. Umeniacha mimi nionekane mwongo mbele ya yule mama." Hakupaza sauti. "Ulikuja kwangu kwanza? Ulishindwa kuja kwangu, Paskali? Nyumba yangu huijui?"

Akaondoka. Kijana mmoja akasema aisee. Nikamwambia achimbe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika kwa sababu mikono inauma siwezi kufanya kingine.

Nimefikiri sana ndani ya mtaro. Sikwenda kwa Injinia kwa sababu ya ukweli. Au ukweli ulikuwa kidogo tu. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kuvumilia Boay anibebe. Alipata cheo, nikasema sawa. Akaniachia drafti, nikashika hasira. Akaniokolea kazi, hapo ndipo nikashindwa kabisa. Ningekuwa nimepata cheo mimi na yeye ndiye kafungua valvu, ningefanya alivyofanya? Nadhani ningefanya. Na ningejisifu moyoni.

Hilo ndilo baya.

Jumatano, 15 Oktoba

Msimamizi mpya ni kijana mwenye adabu. Anatuamkia shikamoo. Ratiba imebadilishwa, Nangara siku tatu. Hazirukwi. Injinia katimiza.

Mtaani wanasema ni Boay kaleta hiyo siku ya tatu, maana sasa ndiye wanayemwona kwenye chemba. Mama Paulina kampelekea maziwa. Sikusahihisha.

Stoo hakuna drafti. Vijana wanacheza karata pale, wanapiga kelele, wanaweka vikombe vya chai juu ya ubao. Nimepita mara moja kuchukua sululu. Boay alikuwa nje anafunga baiskeli. Nikamsalimia. Aliitikia. Basi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Udongo wa Bonga ni adui. Juu vumbi, chini mwamba. Tunachimba siku nzima, jioni ukitazama nyuma ni kama ng'ombe kakojoa.

Nimekosa usingizi siku za karibuni. Mama Salome kasema ama niende kwa Boay ama nihamie kwa Boay, yeye amechoka kulala na mtu anayegeuka kama chapati. Nikamwambia nitakwenda Jumapili.

Jumapili, 2 Novemba

Nilikwenda hadi kona ya kwake baada ya misa. Nikanunua vitumbua nisivyovitaka, nikarudi.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nilibisha hodi. Mama Joeli, mke wake, alinikaribisha, akanipa kiti na chai. Kasema Baba Joeli ametoka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Tulizungumza habari za watoto. Alikuwa na haya kuliko mimi. Nikanywa chai haraka, ikaniunguza, nikaaga.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua ya kwanza. Mtaro umejaa tope, kazi imesimama. Mji mzima umetega ndoo kwenye mabati. Kwa siku chache hakuna mwenye haja na valvu ya mtu.

Nimezunguka ndani ya nyumba tangu mchana. Salome kaniuliza kama natafuta kitu.

Ijumaa, 28 Novemba

Mama Joeli kakutana na mke wangu sokoni. Kamwambia kesho Boay yuko shambani Mutuka, anapanda mahindi, na mtu aliyekuwa amsaidie ameugua. Kamwambia hivyo tu, halafu akaulizia bei ya vitunguu.

Mke wangu kanipa habari hiyo huku anafua. Hakuinua kichwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Niliondoka asubuhi na jembe langu nimelifunga kwenye baiskeli. Njia ya Mutuka ina utelezi, nilikuwa nashuka na kusukuma.

Boay alikuwa peke yake, katikati ya shamba, suruali imekunjwa magotini. Aliniona nikiwa mbali. Aliendelea kupanda. Nikaegesha baiskeli, nikavuka kwa uangalifu mistari aliyokwishapanda, nikasimama karibu yake.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Oktoba. Nikasema, "Nilipaswa kuja kwako kwanza. Nilikosa."

Alichimba shimo, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Akachimba jingine.

"Bado nina hasira na wewe," kasema.

"Najua."

"Si za kuisha leo."

"Najua."

Akanyoosha mgongo, akanitazama, halafu akatazama shamba lililobaki. Lilikuwa kubwa, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mlimani. Akachota mbegu kwenye kikapu, akanitilia kwenye viganja vyangu viwili.

"Shika mstari ule."

Nikashika. Tulipanda bega kwa bega, yeye mbele kidogo, mimi nyuma kidogo, baadaye sawa. Mama Joeli alileta viazi na chai, akaweka kati yetu, akaenda kukaa mbali. Boay aliniuliza kama udongo wa Bonga ni mgumu. Nikasema mgumu. Akasema huku ni mlaini, ila magugu. Kisha tukarudi kwenye mistari.

Mbegu zilibaki kidogo mvua ilipoanza. Tulimaliza tukiwa tumelowa.